Gumzo la mtandaoni na mazungumzo ya ana kwa ana: Kiimbo kinapopotea

GUMZO la mtandaoni ni mazungumzo yanayoandikwa. Anayeshiriki hutaka wepesi wa ulimi ilhali anatumia kidole, na mwenzake hamwoni wala hamsikii.

Gumzo la aina hii lina umri mkubwa kuliko wengi wanavyodhani. Mnamo 1973, Doug Brown na David Woolley walibuni Talkomatic katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Kila herufi ilionekana kwa wenzake mtu pindi tu alipoibonyeza, hata kusitasita kwake kukaonekana. Mfumo wa IRC, uliobuniwa na Jarkko Oikarinen nchini Finland mnamo 1988, ulituma ujumbe ukiwa umekwisha kuandikwa. WhatsApp, iliyoanzishwa mwaka wa 2009, hufuata utaratibu huo wa pili. Msomaji hupokea kauli iliyokamilika, asijue ilifutwa mara ngapi.

Kinachopotea kwanza ni viziada lugha: sauti, uso, mikono, hata kuguna. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni kubwa zaidi. Mwingereza huweza kupanga upya maneno ya sentensi ili iwe swali. Kiswahili, katika maswali ya ndiyo au la, mara nyingi hutegemea kiimbo peke yake. "Amefika" ni taarifa, "Amefika?" ni swali, maneno hayajabadilika.

Chukua mfano wa kundi la jamaa ambao mjomba wao amelazwa hospitalini. Binti aliye Mombasa amesikia uvumi, naye anaandika: "Mjomba amefariki". Alikusudia kuuliza, lakini hakuweka alama ya kuuliza. Kabla hajajieleza, jamaa wa Kakamega wamekwisha kupiga simu kijijini, vilio vimeanza, na mtu ameuliza nani atakuwa mweka hazina wa kamati ya mazishi. Mgonjwa yu hai. Ana kwa ana, sauti yake ingalipanda mwishoni na nyusi zingalimsaidia. Katika maandishi, neno "Je" lingalitosha.

Tofauti ya pili ni zamu. Utafiti wa lugha 10 uliochapishwa mwaka wa 2009, ukiongozwa na Tanya Stivers, ulionyesha kwamba pengo kati ya swali la ndiyo au la na jibu lake, watu wanapozungumza, ni takriban sehemu moja ya tano ya sekunde kwa wastani. Katika gumzo, jibu laweza kuja baada ya saa nzima, likiwa limepitwa na maswali mengine. Mama akiuliza, "Umelipa karo?" kisha, "Mtoto amepona?" naye baba ajibu, "Bado", ni lipi lililojibiwa?

Kimya nacho kimebadilika maana. Tangu WhatsApp ilipoleta alama za buluu mwaka wa 2014, anayesoma bila kujibu huhesabiwa kuwa na dharau, hata kama aliusoma ujumbe huo akiwa amebanwa ndani ya matatu. Kwenye mkeka, kimya cha mzee huonekana kwamba ni cha kutafakari.

Vikaragosi vilibuniwa kuziba pengo hilo. Mnamo Septemba 19, 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon alipendekeza alama mbili, :-) kwa mzaha na :-( kwa lisilo mzaha. Lakini kikaragosi huchaguliwa, ilhali uso humfichua mwenyewe bila idhini yake. Isitoshe, havisomwi sawa. Mzee aweza kutuma rambirambi akiambatanisha uso unaocheka hadi kutoa machozi, yeye akiwa ameona machozi tu. (Vijana humcheka, kosa si lake peke yake, kwani mchoro wenyewe ni mdogo kama punje ya mtama.)

Hatimaye, maneno ya barazani hupeperuka, ya gumzo hubaki. Kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi nchini Kenya huruhusu rekodi za kielektroniki kupokewa mahakamani, masharti yakitimizwa, yakiwemo ya cheti. Kauli kama "Nitakuua wewe!", aliyoandikiwa rafiki kwa utani wa mpira, yaweza kusomwa mbele ya hakimu miezi kadhaa baadaye, na anayeisoma hakukicheki kicheko kilichoandamana nayo.