Nani Huchapishwa Tena?

Nairobi tunaviita vitabu vya inama. Vimetandazwa juu ya gunia kando ya barabara, na ukitaka kuona kilicho chini lazima uiname, upangue, usogee watu wapite, kisha uiname tena. Mpangilio hakuna. Fizikia ya kidato cha tatu imelalia Biblia, Biblia imelalia riwaya ya mapenzi isiyo na jalada. Hiyo ndiyo maktaba yangu tangu nilipoacha chuo na kadi ya maktaba ikaisha.

Mwaka jana, chini kabisa ya rundo moja, nilipata *Dance and Society in Eastern Africa* cha Terence Ranger, kilichochapishwa 1975. Nikauliza bei. Jamaa akakiangalia kama mtu aliyesahau kwamba anacho.

"Hicho hakitembei, buda. Leta soo mbili tu. Kingekaa hadi mwisho wa mwezi ningekiuza kwa kilo."

Kwa kilo maana yake ni karatasi ya kufungia njugu. Nikalipa, nikaingia kwenye matatu, nikaanza kusoma kabla hatujatoka stejini.

Ranger alikuwa mwanahistoria Mwingereza aliyefukuzwa Rhodesia mwaka 1963, akaja kufundisha historia Dar es Salaam. Kitabu chake kinahusu beni, ngoma iliyozuka katika miji ya pwani yetu miaka ya 1890. Jina lenyewe linatokana na bendi. Watu wa pwani walikuwa wameshazisikia bendi za tarumbeta, za misheni na ya Sultani wa Unguja, wakachukua mlio na gwaride na kuviingiza katika mashindano ya ngoma ambayo miji yao ilikuwa nayo tangu zamani. Walishona sare na kupeana vyeo, wakawa na mfalme wao na majenerali wao. Mombasa palikuwa na Kingi na Scotchi. Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Mtu akifiwa, chama chake cha beni kilimsaidia kuzika. Akihamia mji mwingine, alipokelewa na wenzake wa chama.

Wakoloni hawakuelewa walichokuwa wakikiona. Wengine walidhani ni watu wanaowaiga mabwana kwa sababu wanawapenda, wengine walihofu ni jeshi la siri linalofanya mazoezi. Ranger anakataa majibu yote mawili. Anasema tuwaangalie wachezaji wenyewe: walikuwa wanashindana wao kwa wao, wanatafuta heshima mjini, na sare ya mzungu ilikuwa moja tu ya vitu walivyotumia.

Kilichonigusa zaidi ni sehemu ya vita vya 1914 hadi 1918. Askari na wapagazi waliibeba beni wakaifikisha mbali na pwani. Wapagazi hao wa jeshi la Uingereza walikuwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps, na wananchi wakalitamka jina hilo walivyoweza. Kwa hiyo Nairobi tuna Kariokor na Dar es Salaam wana Kariakoo. Nimepita Kariokor mara ngapi? Nimekula nyama choma pale sokoni na kununua viatu. Katika masomo yote niliyosoma, wale wapagazi walitajwa kama watu waliobeba mizigo wakafa kwa maradhi na njaa. Ni kweli walikufa, kwa maelfu mengi. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia kwamba waliopona walirudi na ngoma.

Nilianza kutafuta vingine vya aina hiyo, na baada ya miezi kadhaa ya kuinama nikaona jambo. Kitabu hakifiki kwenye gunia kwa bahati tu. Kwanza kuna mtu aliyeamua kichapishwe, na mara nyingi kuna mwingine aliyeamua kichapishwe tena.

Chukua Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kuuona Mlima Kenya mwaka 1849. Kitabu chake cha safari kwa Kiingereza kilitoka London mwaka 1860. Toleo nililolikuta mimi ni la 1968, la kampuni ya Frank Cass ya huko huko London. Angalia huo mwaka. Nchi zetu zilikuwa zimetoka kupata uhuru, na vyuo vikuu vya nje vilikuwa vinafungua idara za masomo ya Afrika. Maktaba zao zilihitaji vitabu vya zamani, na wachapishaji wakaona soko. Hivyo Krapf akapata maisha ya pili zaidi ya miaka 80 baada ya kufariki.

Sasa mlinganishe na Mtoro bin Mwinyi Bakari, Mswahili wa Bagamoyo. Yeye aliandika kwa Kiswahili kuhusu harusi, mazishi, uganga, utumwa na ngoma za watu wake. Maandishi hayo ndiyo sehemu kubwa ya *Desturi za Wasuaheli*, kitabu kilichochapishwa Göttingen, Ujerumani, mwaka 1903, chini ya jina la Carl Velten aliyeyakusanya. Tafsiri ya Kiingereza yenye jina la Mtoro mwenyewe ilitoka California mwaka 1981. Ilimchukua miaka 78 kupata jina lake kwenye jalada. Mwenyewe alishafariki Ujerumani mwaka 1927.

Hapa nyumbani mwamuzi mkubwa ni mtihani. Huhitaji kumwuliza mtu ni vitabu gani vya fasihi vilikuwa vya lazima shuleni mwaka fulani; tazama tu marundo barabarani. *Utengano*, *Siku Njema*, *Kifo Kisimani*: nakala kumi kumi, zote zimepigiwa mistari chini ya majibu yaleyale. Kitabu kikiwa kwenye orodha huchapishwa na kuchapishwa. Kikitolewa, kinamwagika barabarani mwaka mmoja, halafu polepole kinapotea.

Kitabu cha muziki hakina mtihani wa kukibeba hivyo. George Senoga-Zake alikuwa mmoja wa watu watano waliotengeneza wimbo wetu wa taifa mwaka 1963 kutokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembeleza mtoto. Mwaka 1986 akatoa *Folk Music of Kenya*, kitabu kuhusu nyimbo na ala za jamii zetu. Kila Mkenya anaimba kazi ya kamati yake akiwa amesimama wima. Nimeuliza kitabu hicho kwenye magunia ya mitaa minne na bado sijakipata.

Rafiki yangu mmoja anaona napigania karatasi bure. Anasema kila kitu kitawekwa mtandaoni. Labda. Lakini hata mtandaoni lazima mtu akiketishe kitabu kwenye skana, na huyo mtu atachagua aanze na kipi. Akifuata kinachoulizwa zaidi, ataanza na Krapf na vitabu vya mtihani, na sisi tutabaki na historia ambayo ndani yake wazungu wanasafiri na Waafrika wanabeba mizigo.

Simlaumu Krapf. Nimemsoma na nitamsoma tena. Wala simlaumu muuzaji, maana yeye analipia pale mahali kila siku na ana watoto wa kusomesha. Ninachosema ni kwamba ile beni, furaha na ushindani wa watu waliopita njia hizi, kwangu ilikuwa imebakiza wiki chache tu kabla ya kuwa karatasi ya njugu.

Siku hizi nikiinama, kabla ya kuuliza bei, nafungua ule ukurasa mdogo wa mwanzo nione ni mwaka gani, mji gani, na toleo la ngapi. Kitabu cha Ranger nimemwazima jirani anayepiga ngoma katika bendi moja ya mtaani. Amekaa nacho miezi mitatu. Juzi nilimkumbusha, akaniambia bado yuko kwenye vita, na kwamba wenzake wawili wameshajipanga kukisoma baada yake.