Wa kushoto ao wa kuume? Historia fupi ya walibertariani wa Marekani



Nikiwa G2, mu egzame ya historia ya mawazo ya politiki, asistanti alituuliza: "Mlibertariani ni mtu gani mu politiki ya Marekani?" Mi nikajaza kurasa mbili juu ya watu wanaokataa Leta, wanaokataa matajiri, wanaopigania wafanyakazi. Nilitoka na 6 kwa 20. Kando ya jibu langu aliandika neno moja tu kwa kalamu nyekundu: "Unachanganya." Alikuwa na haki. Lakini baadaye nikaja kuelewa kama historia yenyewe ilichanganya mbele yangu. Leo nataka tufungue hilo fundo pamoja, juu kila Marekani wanapopiga kura, sisi tuliosoma mu Kifaransa tunaanguka mu shimo lile lile.

Tuanze na neno. Kifaransa kiko na maneno matatu ya kufanana: libéral, libertaire, libertarien. Neno "libertaire" lilitungwa 1857 na Joseph Déjacque, Mfaransa aliyekuwa fundi wa kupaka rangi na kubandika karatasi za ukutani. Alilitumia mu barua ya kumpinga Proudhon juu ya mambo mabaya aliyoandika kuhusu wanawake. Kisha, toka 1858 mpaka 1861, alitoa gazeti lenye jina hilo kule New York. Déjacque hakutaka Leta, na hakutaka matajiri pia. Huyu njo niliyemweka mu egzame yangu.

Karibu miaka mia moja baadaye, Wamarekani wengine wakalichukua neno hilo kwa maana tofauti kabisa. Sababu? Walikuwa wamenyang'anywa jina lao la kwanza. Zamani "liberali" alikuwa mtu wa soko huru na serikali yenye mipaka. Lakini tangu Rais Franklin Roosevelt na mpango wake wa New Deal miaka ya 1930, liberali wa Marekani akawa mtu anayetaka serikali isaidie maskini, ilinde wafanyakazi, iongoze uchumi. Wale wa zamani wakabaki bila jina. 1955 mwandishi mmoja, Dean Russell, akapendekeza wajiite walibertariani, na jina likashika. Basi mushike hili: Mmarekani akisema "liberali" anasema mtu wa kushoto, Mfaransa akisema "libéral" anasema mtu wa soko, karibu na kuume. Neno ni moja, watu ni wawili.

Sasa, mlibertariani anaamini nini? Msingi ni mfupi: kila mtu ni mwenye mwili wake, kazi yake na mali yake, na hakuna mwenye ruhusa ya kuanza kumtumia nguvu, hata serikali. Kazi ya serikali ni polisi, mahakama na kulinda inchi, basi. Hivyo njo Robert Nozick, profesa wa falsafa wa Harvard, alivyotetea mu kitabu chake cha 1974. Wengine, kama mwanauchumi Murray Rothbard, walikwenda mbali zaidi: hata hiyo polisi, waliona soko linaweza kuileta. Kwa hiyo, hata ndani ya nyumba yao hawakubaliani.

Ukichukua msingi huo na kuufuata mpaka mwisho, unapata mtu anayeshangaza pande zote mbili. Anataka kodi ndogo, anakataa serikali kupanga bei: hapo wa kuume wanapiga makofi. Lakini anakataa pia vijana kulazimishwa kwenda vitani, anakataa mtu kufungwa juu ya kuvuta bangi, anakataa polisi kuingia mu chumba cha watu wakubwa wawili waliokubaliana: hapo wa kuume wananyamaza, wa kushoto wanapiga makofi. Haiko kwamba anarukaruka. Kwa kila sheria anauliza swali moja tu: nani analazimishwa hapa?

Swali hilo lilipasua vijana wa wakati wa vita vya Vietnam. Agosti 1969, mu mji wa St. Louis, kulikuwa mkutano wa Young Americans for Freedom, umoja mkubwa wa vijana wa kuume. Kijana mmoja alisimama mbele ya wote, akachoma karata ya kuitwa jeshini. Ukumbi ukawaka. Kwa wengi mule, ile ilikuwa kusaliti inchi. Kwa walibertariani, kumlazimisha kijana kufa mu vita asivyovitaka njo kodi mbaya kuliko zote. Kuanzia hapo, njia zikaanza kuachana.

Kisha ikafika tarehe 15 Agosti 1971. Rais Nixon alitangaza kama bei na mishahara visipande kwa siku 90, na kama dola haitabadilishwa tena kwa dhahabu na mabenki ya serikali za inchi ingine. Nixon alikuwa wa chama cha Republican, chama kinachojisifu kwa soko huru! David Nolan na rafiki zake wachache kule Colorado wakaona yatosha. Desemba ya mwaka ule, wakaunda chama chao, Libertarian Party. Kama hasira yao inawashangaza, muulize wazee wenu juu ya tarehe 30 Novemba 1973, wakati Mobutu alitangaza zaïrianisation, maduka na mashamba ya wageni yakagawanywa kwa amri. Vipimo havifanani, nakubali. Lakini wazo la kwamba mkubwa mmoja anaweza kuamka na kupanga mali ya watu kwa hotuba moja, hilo njo lililowatoa usingizini.

Uchaguzi wao wa kwanza, 1972, ulikuwa karibu kichekesho. Mgombea alikuwa John Hospers, profesa wa falsafa, na makamu wake mama Tonie Nathan. Majina yao yalikuwa kwenye karatasi ya kura mu majimbo mawili tu, na hawakufikisha kura elfu nne. Lakini Marekani rais anachaguliwa na wajumbe wa majimbo, na mjumbe mmoja wa Virginia, Roger MacBride, aliyetumwa kumpa Nixon kura, akawapa Hospers na Nathan. Hivyo mama Nathan akawa mwanamke wa kwanza mu historia ya Marekani kupata kura ya mjumbe. Si chama kikubwa kilichofanya hivyo. Ni chama cha watu wa kuhesabika.

Tangu hapo hawajashinda urais hata mara moja. 1980 walipita kura laki tisa, karibu asilimia 1. 2016 Gary Johnson alipata karibu milioni 4 na nusu, zaidi kidogo ya asilimia 3, na hakuna jimbo alilolishinda. Ila nguvu yao haiko paka mu kura. Iko mu mawazo yanayokopwa na vyama vikubwa. Kuitwa jeshini kwa lazima kulikoma 1973, na mmoja wa waliopigania hilo ndani ya tume ya serikali ni mwanauchumi Milton Friedman. Tuseme pia upande wa pili: mawazo hayo yalitembea kwa feza za matajiri. Mgombea makamu wao wa 1980 alikuwa David Koch, wa familia yenye moja ya makampuni makubwa ya inchi ile. Tajiri akilipia wimbo wa uhuru, mtu ana haki ya kuuliza ni uhuru wa nani unaoimbwa.

Hapa tunafika mahali pagumu, na sitaki kupaficha. Tarehe 1 Februari 1960, wanafunzi wanne weusi, vijana kama nyinyi, waliketi kwenye meza ya chakula ya duka la Woolworth mu mji wa Greensboro. Wakakataliwa kupewa chakula. Mu 1964 sheria ya haki za raia ikakataza mahali pa kulia chakula, hoteli na waajiri kubagua. Seneta Barry Goldwater, aliyekuwa amepigia kura sheria za haki za raia za 1957 na 1960, hiyo aliikataa: alisema serikali kuu haina uwezo wa kumwamuru mwenye duka amuuzie nani. Walibertariani wengi walifikiri vile vile.

Wana hoja, tuwasikilize. Wanasema ubaguzi wenyewe ulijengwa na sheria: 1890 jimbo la Louisiana ndilo lililolazimisha kampuni za treni kutenga weusi, hata kama mabehewa ya ziada yalikuwa hasara kwao. Na lile duka la Greensboro lilifungua meza yake kwa weusi Julai 1960, mbele ya sheria yoyote, juu wateja waliligomea na feza zikapotea. Ni kweli. Lakini ni kweli pia kwamba mahali pengi pa Kusini palibaki pamefungwa mpaka sheria ilipokuja na mahakama nyuma yake. Mtu mweusi aliyekuwa njiani na watoto usiku, anatafuta hoteli, angengoja soko ligeuke mpaka lini? Swali la "nani analazimishwa" ni zuri, lakini haliko peke yake. Kuko pia "nani amefungiwa mlango".

Rafiki mmoja aliniambia akicheka: "Ah, bwana, sisi Kongo tulikuwa walibertariani zamani! Leta haiko, kila mtu Artikle 15." Nikamjibu hapana. Mlibertariani anataka mahakama itakayokurudishia parseli yako mkubwa akiinyang'anya. Anataka karatasi yako ya mali iheshimiwe. Mtu mwenye bunduki anayekulipisha kwenye bariyere bila resi, kwa mlibertariani huyo ni mwizi, hata akivaa uniformu. Kwetu nguvu haikukosekana. Kilichokosekana ni mipaka ya nguvu.

Kama asistanti angenirudishia swali lile leo, ningejibu kwa mistari mitatu. Mlibertariani wa Marekani hayuko wa kushoto wala wa kuume. Ni mtu anayeogopa mkono wa Leta kuliko mkono wa jirani. Mara nyingi historia ilimpa haki. Mu 1964, kwa maoni yangu, ilimhukumu. Sijui angenipa ngapi kwa 20, lakini "unachanganya" asingeiandika tena.