Akili na Kamba Yake

Wajuzi wa Kiarabu husema ya kuwa neno akili limetoka katika shina moja na lile la kumfunga ngamia mguu ili asipotee usiku, na kwa hiyo akili, kwa asili yake, si wingi wa maarifa bali ni kizuizi kimshikacho mtu asiende mrama. Neno hili lilipanda bara kutoka Lindi na Mikindani pamoja na misafara, likaifikia nchi isiyojua ngamia walakini ijuayo sana habari ya kamba. Kwani wale aliowaleta Askofu Edward Steere kutoka Unguja, akawaweka Masasi mwaka 1876, walikuwa watumwa waliokombolewa, na Kiswahili walichokuja nacho kilikuwa Kiswahili cha pwani.

Wayao wa Masasi walikuwa na lunda lao, ndiyo hekima na ustadi, wala hawakuliacha. Lakini akili, huko na juu ya uwanda wa Newala, hata Mnyambe, ilipata kazi yake mahsusi, nayo ni kumtaja mtu aliyefundwa. Kijana hakuhesabiwa kuwa na akili kwa kuzaliwa nazo, alikwenda jandoni, akafundwa adabu ya kusalimu wakubwa, ya kutoingia ovyo chumbani mwa wazazi na ya kuficha la kufichwa, na aliporudi ndipo watu waliposema, "Sasa ana akili."

Wanawake walilitumia neno hili kila siku, na tena kwa ukali zaidi. Uwanda ule una mchanga mwingi na maji haba, hata ikawalazimu kuteremka genge kwenda kuyatafuta bondeni na kurejea jua likiwa kali. Binti aliyechuma majani mabichi akayaweka juu ya maji ya mtungi, yasimwagike njiani, wala hakuambiwa na mtu, huyo alisifiwa akili mbele ya wenziwe. Na mvulana hodari wa hesabu aliyempita mzee mwenye mzigo bila kumpokea, huyo hana akili, hata angelijua kitabu kizima.

Kisha ikaja karatasi. Mwaka 1906 Karl Weule wa Leipzig alifika Newala, akawapa watu kalamu wamchoree. Baadaye skuli zikatia nguvu, na akili ikawa kitu cha kupimwa kwa mtihani. Hapa nakiri kuwa neno limepungua, ingawa si wote waliokubali: Vincent Lucas, aliyekuja kuwa Askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona mapema ya kuwa darasa peke yake halifundi, akaridhia jando la Kikristo tangu 1913, jambo lililowashangaza baadhi ya wenziwe wa misheni.

Bibi wa enzi ya mitungi, mjukuu wake alipomjia na habari ya kufaulu, alimpongeza kwa vigelegele, kisha akamtuma maji, akakaa barazani amtazame atakavyorudi.