Nani alilipia utafiti wa Norbert Elias?

Jamani, huwa nabishana na washkaji: nani atoe pesa ili mtu achunguze jinsi wakubwa walivyomnyenyekea Mfalme Louis wa 14 kule Versailles? Mimi huwajibu kwa jina moja, Norbert Elias.

Mwaka 1933, Frankfurt, alimaliza tasnifu kuhusu maisha ya kasri la wafalme wa Ufaransa. Hitler akashika madaraka. Elias, Myahudi, akakimbilia Paris, na mwaka 1935 akahamia London. Kazi hana. Kamati ya wakimbizi wa Kiyahudi ikampa posho ndogo, naye akawa anashinda maktaba ya British Museum akisoma vitabu vya zamani vya adabu za mezani.

Kitabu chake kikubwa kikatoka Uswisi mwaka 1939. Vita ikakifunika. Ajira ya kudumu chuoni, Leicester, aliipata mwaka 1954, umri umeshapita miaka 55. Ile tasnifu ilichapwa mwaka 1969!

Leo anayeandika kuhusu kasri za Ulaya hamkwepi Elias, hata akimpinga. Mfadhili anayetaka matokeo ndani ya miaka miwili angemnyima. Kamati ile ilimpa. Wewe je, ungempa?