Volos, Mezani Saa Saba Mchana

Watalii wengi wanaoshuka Volos, Ugiriki, hawakai. Huelekea moja kwa moja gatini kusubiri feri ya visiwa vya Skiathos au Skopelos, na mji wenyewe huuona kama stendi tu. Siwalaumu sana. Volos, iliyo kwenye ghuba ya Pagasitikos chini ya mlima Pelion, haina zile kuta nyeupe za kwenye kalenda. Matetemeko ya ardhi ya Aprili 1955 yaliangusha sehemu kubwa ya mji wa zamani, na ulioinuka baadaye ni mji wa zege na roshani. Ngano inasema ni hapa, enzi mji ukiitwa Iolkos, ambapo Jason aling'oa nanga na merikebu yake Argo kwenda kutafuta ngozi ya dhahabu.

Kwa maoni yangu, historia iliyo hai Volos iko mezani. Na inalika kwa euro chache kwa sababu waliouanzisha utaratibu wake walikuwa watu wa kipato kidogo.

Mkoa wa Thessaly, uliko Volos, ulikuwa chini ya dola ya Waosmani hadi 1881, ulipokabidhiwa Ugiriki. Mwaka 1884 reli iliunganisha Volos na Larissa, na mazao ya uwanda wa ndani yakaanza kumiminika bandarini. Mhandisi wa reli za huko alikuwa Evaristo de Chirico. Mwanawe Giorgio, aliyekuja kuwa mchoraji maarufu, alizaliwa Volos mwaka 1888. Bandari ilileta viwanda, viwanda vikaleta vibarua, na kufikia 1908 wafanyakazi walikuwa wameunda chama chao cha mji, miongoni mwa vya kwanza nchini.

Kisha ukaja mwaka 1922. Jeshi la Ugiriki lilishindwa Asia Ndogo, mji wa Smyrna, Izmir ya leo, ukaungua mwezi Septemba, na mwaka uliofuata mkataba wa Lausanne ukawahamisha watu kwa kigezo cha dini: Wakristo zaidi ya milioni moja wakawa wakimbizi Ugiriki, Waislamu laki kadhaa wakapelekwa Uturuki. Maelfu walifikia Volos na kujenga makazi ng'ambo ya mto Krafsidonas, mahali wanapopaita Nea Ionia mpaka leo. Wengi waliishia kuwa makuli bandarini au vibarua wa tumbaku. Mali zao zilibaki ng'ambo ya bahari. Desturi ya kunywa polepole huku wakidonoa asusa, hiyo walikuja nayo.

Kinywaji walikikuta. Tsipouro hupikwa kwa makapi ya zabibu yanayobaki baada ya kukamua divai: huchachushwa, huchemshwa kwenye mtungi wa shaba, mvuke ukapozwa na kudondoka ukiwa pombe kali. Msomaji wa Afrika Mashariki atautambua ukoo wake mara moja. Ni ndugu wa gongo kwa upishi, na kwa muda mrefu sheria nayo iliiangalia kwa jicho la pembeni: hadi mwishoni mwa miaka ya 1980 haikuruhusiwa kutengenezwa kiwandani na kuuzwa kwenye chupa zenye nembo. Wakulima ndio waliopika, msimu wa mavuno ukiisha.

Makuli walianza kazi alfajiri, kwa hiyo mchana ndipo walipokaa. Hapo ndipo ilipotoka tsipouradiko, kilabu cha tsipouro, na taratibu zake zinamchanganya mgeni. Huagizi chakula. Unaagiza kichupa kidogo cha tsipouro, pengine glasi mbili ndogo, na unaulizwa jambo moja tu: chenye anisi au kisicho na anisi? Chenye anisi hugeuka cheupe kama maziwa ukitia barafu. Pamoja na kichupa huja kisahani, na bei ni ya kichupa. Cha kwanza huwa na vitu vidogo: zeituni, kachumbari, labda tsitsiravla, machipukizi ya mti wa porini wa Pelion yaliyolowekwa kwenye siki. Agiza cha pili, waje dagaa wa kukaanga au kome. Kadiri unavyoagiza ndivyo sahani inavyonona: kamba, ngisi, pweza wa kuchoma. Mhudumu mzuri hukumbuka meza yako imekula nini, hakurudishii. Naona ni ujanja wa kibiashara wenye utu ndani yake, maana mwenye kilabu anakuvuta unywe zaidi, lakini hakuachi ulewe na njaa.

Bahari inayojaza visahani hivyo imepata misukosuko. Ziwa Karla, lililokaushwa mwaka 1962 ili kupata mashamba, lilirudi kwa nguvu na mafuriko ya dhoruba Daniel, Septemba 2023. Agosti 2024 samaki wa maji baridi walisombwa kutoka huko hadi ghubani, wakafa walipokutana na chumvi. Zaidi ya tani 100 ziliopolewa, na uvundo ukawafukuza wateja wa ufukweni katika msimu wenyewe wa biashara.

Makuli ni wachache siku hizi. Ghala la tumbaku la Papastratos kando ya bahari sasa ni jengo la Chuo Kikuu cha Thessaly, na wanafunzi ni miongoni mwa wanaokaa kwenye viti vile, watatu wanne wakichangishana sarafu za raundi inayofuata. Ukitaka kula kama wao, uwe umekaa ifikapo saa saba mchana, na usiulize menyu.