Kutoka Wabenzi Hadi Juu ya Mawe: Historia ya Benz na Gharama Zisizoonekana Kwenye Picha

Kila mtaa mjini una staa wake wa Benz. Jina kapuni. Siku gari linatoka bandarini picha zinamwagika mitandaoni, chini yake maneno ya kumshukuru Mungu na vijembe kwa mahasidi, komenti moto. Miezi minane baadaye ndinga haionekani tena. Ukiuliza, unaambiwa iko gereji kwa "sevisi ndogo tu". Sevisi ndogo ya miezi mitatu! Mashabiki wanagawanyika: wengine wanasema karogwa, wengine wanasema kafulia. Ukweli mara nyingi ni wa kawaida kuliko hivyo, na umeanza kitambo, kabla hata bibi yake staa hajazaliwa.

Tuanze mwanzo kabisa. Mjerumani Karl Benz aliandikisha gari lake la matairi matatu tarehe 29 Januari 1886. Hilo wengi wanalijua. Kinachosahaulika ni kwamba mtu wa kwanza kutengeneza Benz ikiwa njiani alikuwa mwanamke. Agosti 1888 mke wake, Bertha, alichukua gari asubuhi bila kumuaga mumewe, akapakia wanawe wawili, Richard na Eugen, akatoka Mannheim kwenda kwa mama yake Pforzheim. Safari ya zaidi ya kilomita 100, na hakuna gari lililokuwa limewahi kufika mbali hivyo. Sheli hazikuwepo, kwa hiyo mafuta aliyanunua duka la dawa mji wa Wiesloch. Bomba la mafuta likaziba, akalizibua kwa pini ya kofia yake. Waya wa umeme ukachubuka, akauvika mpira wa kubania soksi. Breki za mbao zikalika, akatafuta fundi viatu azigongelee ngozi, na hiyo ngozi ndiyo babu wa breki pedi unazobadilisha leo. Huo waya uliochubuka usiusahau, utarudi mbele, na safari hiyo mpira wa soksi haukutosha.

Ruka miaka 75. Mwaka 1963 Mercedes-Benz wanatoa gari linaitwa 600. Hili lilikuwa baba lao. Injini ya silinda nane, lita 6.3, na kila kitu ndani kinasukumwa na mafuta yenye presha: vioo vinapanda, viti vinasogea, buti linafunga, vyote kimya kimya. Presha yenyewe ilikuwa kama bar 150. Kwa kulinganisha, tairi la gari lako sheli wanalijaza kama bar 2 na kidogo. Kioo cha 600 kikipanda na kidole chako kiko njiani, shauri yako.

Mpaka linasimama 1981 yalikuwa yametengenezwa 2,677 tu. Wateja wake ni orodha ya kutisha: Mobutu wa Zaire, Tito wa Yugoslavia, Mao wa China, na upande wa muziki Elvis Presley na John Lennon. Ukitazama picha za hao watu na magari yao unaona utajiri. Usichokiona ni mabomba ya mafuta yaliyopita ndani ya kila mlango, mpira mmoja ukichoka yanavuja, na fundi anayeijua mifumo hiyo hapatikani kila kona. Lakini Mobutu hakuwa na presha ya risiti. Rais halipii sevisi, nchi ndiyo inalipa.

Hapo ndipo penye siri ya jambo lote hili. Sifa ya Benz, hasa huku kwetu, ilijengwa na watu ambao hawakuwahi kulipia matengenezo yake kutoka mfukoni.

Miaka ya 1960, nchi zetu zikiwa na uhuru mbichi, Waswahili walitunga kabila jipya: Wabenzi. Waliweka "wa" kama wanavyosema Wachaga au Wakikuyu, utani wenye sumu ndani yake. Ni wakubwa wa serikali na mashirika waliokuwa wakipita kwenye Benz nyeusi huku mwananchi anasubiri basi juani. Kwa Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 likaja na masharti kwa viongozi: hakuna hisa kwenye makampuni, hakuna mishahara miwili, hakuna nyumba za kupangisha. Gari la ofisi halikuwa kwenye orodha hiyo. Mbenzi wa kweli alikuwa na gari la ofisi, dereva wa ofisi, mafuta ya ofisi. Likilia kitu chini, anaambiwa dereva, dereva anapeleka karakana, kesho bosi anapanda kama kawaida. Watoto waliokuwa wanachungulia dirishani waliona boneti inang'aa, basi. Wakakua na picha hiyo kichwani, wakawarithisha wanao.

Kwa haki ya Mungu lakini, kuna Benz zilizostahili heshima kwa jasho lake zenyewe. W123 ilitoka 1976, ikatengenezwa karibu milioni 2.7 hadi katikati ya miaka ya 1980. Zile za dizeli, 200D na 240D, zilikuwa chuma hasa. Injini haikuhitaji kompyuta ya kuifikiria. Pampu ya dizeli ilifanya kazi kwa chuma na mafuta, na ikishawaka iliendelea kunguruma hata kama umeme umekata. Valvu zikilegea, fundi alikuwa anazikaza kwa spana na kipimo chembamba cha bati, tena bila kufungua nusu ya gari. Polepole? Sana. Ukikanyaga mafuta unaweza kumaliza kusimulia hadithi ndipo gari lishituke. Lakini ziliendeshwa teksi kuanzia Ujerumani mpaka Morocco.

Kuna dereva teksi mmoja wa Thessaloniki, Ugiriki, aliyekuwa na 240D ya 1976, ya toleo lililoitangulia W123. Mwaka 2004 aliikabidhi kwa makumbusho ya Mercedes ikiwa imetembea kilomita milioni 4.6. Watu wanapenda kuitaja hiyo namba kana kwamba gari lilijiendea lenyewe. Wapi! Injini zilibadilishwa mara kadhaa, yule mzee alikuwa na za akiba, moja inafanya kazi nyingine inafanyiwa ovahoo. Alichokuwa nacho ni gari linalofunguka na nidhamu ya kulifungua kabla halijafa.

Sasa njoo miaka ya 1990, maana hapa ndipo mambo yalipochacha.

Mwaka 1991 ikatoka S-Class ya W140. Kubwa kama nyumba, vioo vya tabaka mbili ili kelele za nje zisiingie, na juu kabisa injini ya silinda kumi na mbili. Ikawa ndoto ya kila tajiri. Ila kati ya 1992 na 1995 hivi, waya za injini za Mercedes kadhaa, W140 ikiwemo, zilivikwa ganda lililokusudiwa kuoza kirahisi ili lisichafue mazingira. Nia njema kabisa. Tatizo, ganda halikusubiri gari lifike makaburini. Joto la injini lililikausha likawa kama ganda la karanga, ukiligusa linapukutika. Waya uchi zikagusana, gari likaanza kukohoa, kuzimika ovyo, na kwenye bahati mbaya zaidi kuunguza kompyuta ya injini.

Fikiria mwenye gari hajui hilo. Anabadilisha plagi. Haliponi. Anabadilisha pampu ya mafuta, sensa, koili. Haliponi. Mkwanja umeondoka na ugonjwa upo palepale, ndani ya bomba jeusi ambalo hakuna aliyelichana kuangalia. Mafundi umeme wazuri ndio walioligundua, na tiba yao ni ya uvumilivu: unatoa mkungu mzima wa waya, unabadilisha mmoja mmoja kwa waya unaostahimili joto, unabakiza vichwa vya orijino. Ni kazi ya Bertha, ila mara mia.

Kisha kuna AC. Kwenye W140 kipoozeo cha AC kimefichwa nyuma ya dashibodi, na kikitoboka dashibodi nzima lazima ishuke. Ni kazi ya siku kadhaa. Wengi waliona bora waache. Ndiyo maana ungeweza kukutana na S-Class yenye vioo vya tabaka mbili, vyote vimeshushwa hadi chini, bosi ndani anajipepea na gazeti.

Toleo lililofuata, W220 ya 1998, likaja na Airmatic. Badala ya springi za chuma gari linakalia maputo ya mpira yenye hewa. Likiwa zima unahisi unaelea. Mpira ukizeeka unapata nyufa, hewa inavuja usiku, asubuhi unakuta ndinga imepiga magoti mbele kama ngamia. Hapa ndipo watu wengi wanapigwa. Puto likivuja, pampu ya hewa inafanya kazi muda wote kujaribu kulijaza, mwisho inaungua. Fundi anaona pampu imekufa, anauza pampu mpya. Puto bado linavuja, basi pampu mpya nayo inaanza safari ya kwenda kaburini. Anayeanza na maji ya sabuni, akapaka kwenye puto akatazama mapovu yanatokea wapi, huyo ni fundi. Wengine wanang'oa mfumo wote na kuweka springi na shokapu za kawaida. Wapenzi wa Benz wanaona ni dhambi, lakini gari linalotembea kwa springi lina heshima kuliko lililolala kwa Airmatic.

Breki nazo hazikuachwa. E-Class ya W211, iliyotoka 2002, ilipewa breki zinazoongozwa na kompyuta, mfumo ukiitwa SBC. Mwaka 2004 magari kama 680,000 yakaitwa yarudi kukaguliwa, 2005 yakaitwa milioni 1.3, na 2006 E-Class ikarudishiwa breki za kawaida. Pampu ya SBC inahesabu umekanyaga breki mara ngapi, na hesabu ikifika mwisho dashibodi inawaka nyekundu. Halafu mfumo unaweza kujijaribu wenyewe hata kwa mtu kufungua mlango tu. Fundi aliyeingiza vidole abadilishe pedi bila kuuzima kwanza kwa mashine, pistoni inaweza kufunga na vidole viko ndani. Hii haihitaji mbwembwe. Kama fundi hajui SBC ni nini, mwache akuoshee gari tu.

Sasa unganisha na yule staa wetu. Benz nyingi za vijana leo zinatoka Japani, safi, kilomita chache, kwa bei inayokaribiana na gari la kawaida. Mjapani aliyeliuza hakuwa mjinga. Kwao gari jipya linakwenda ukaguzi wa lazima baada ya miaka mitatu, kisha kila miwili, na ukaguzi wa gari kubwa linaloanza kuzeeka unauma. Ameliachia kabla bili hazijaanza. Bei ya gari imeshuka kwa kasi, lakini bei ya puto la hewa haijui habari hizo, yenyewe bado inajiona iko kwenye gari jipya la tajiri wa Stuttgart.

Ongezea tabia za huku. Rejeta inajazwa maji ya bomba badala ya kulanti, kutu inakula ndani taratibu. Oili inawekwa yoyote ya bei poa wakati kiwanda kimeandika kipimo chake, kwa injini nyingi za petroli za miaka hiyo ni MB 229.5. Injini ndogo za M271, zile za C180 na C200 Kompressor, mnyororo wake wa ndani unarefuka na meno ya gia zake yanalika. Asubuhi injini ikiwa ya baridi, ikipiga kelele kama sufuria la njugu kwa sekunde kadhaa, hiyo siyo "ndivyo zilivyo". Na gia boksi ya spidi tano ya 1996, kiwanda chenyewe kilisema oili yake ni ya maisha, haibadilishwi. Baadaye kikageuza kauli kikasema ibadilishwe, kilomita 60,000. Wengi walishika kauli ya kwanza.

Walioshika usukani wa historia hii sasa ni vijana wa gereji wenye laptopu. Gia boksi ya spidi saba, 7G-Tronic iliyoanza 2003, ina kompyuta yake ndani, imezama kwenye oili. Ikifa, mtu anakwenda kutafuta ya mtumba, anaipata, inakaa sawa bolti kwa bolti. Gari linagoma. Kile kifaa kimefungwa kielektroniki kwa gari lake la zamani na hakimtambui bwana mpya. Miaka ya nyuma hapo ndipo gari lilipopandishwa juu ya mawe, tairi zikauzwa moja moja. Siku hizi pale Gerezani kuna kijana atakayekifuta kumbukumbu, akiandike upya kwa jina la gari hili, ajaze oili mpya, awashe. Lever inaingia D, gari linatambaa kutoka gereji bila kushtuka. Na mwenyewe, badala ya kuuliza oili iliyowekwa ni ya aina gani, anauliza wapi karibu wanaosha na kupiga polishi, maana jioni kuna harusi na mpiga picha ameshafika.