Tanga, Injini na Wavu Unaotembea: Uvuvi wa Homa Bay na Migori

Historia ya uvuvi wa Ziwa Victoria huandikwa zaidi kwa kumfuata samaki: ngege aliyepungua, mbuta aliyeletwa, omena anayeanikwa juani. Hata hivyo, katika fuo za Homa Bay na Migori, zilizokuwa chini ya wilaya ya Nyanza Kusini kabla ya kugawanywa, badiliko lililogusa zaidi mikono ya mvuvi lilitokea kwenye tezi, yaani sehemu ya nyuma ya mashua, pale injini ya petroli ilipochukua nafasi ya tanga. Injini ilibadili safari ya kwenda na ya kurudi. Maarifa ya kukiacha chombo kichukuliwe na maji iliyakuta yapo, ikalazimika kuyafuata.

Nyavu za kunasa, ambazo husimama majini kama ukuta na kumshika samaki kwenye mashavu anapojaribu kupenya, ziliingia Ghuba ya Winam mwaka 1905, na taratibu zikayasukuma kando madema na vizuizi vya kusukwa vilivyotumiwa hapo awali. Chombo kilichozibeba kilikuwa mashua ya Sesse, iliyopewa jina la visiwa vya Uganda, yenye mbao zilizounganishwa juu ya mkuku, ambao ni uti wa chini wa chombo. Iliendeshwa kwa kafi na kwa tanga la pembe tatu, na ratiba yake iliamuliwa na pepo mbili: upepo wa nchi kavu, unaovuma usiku kuelekea majini, na upepo wa ziwani, unaorudi ufuoni mchana. Nahodha aliondoka na wa kwanza akarejea na wa pili, na kati ya hizo mbili alijifunza kukadiria ni kiasi gani chombo husogezwa kando na upepo hata kinapoelekezwa mbele.

Nyavu za nailoni na injini za kufungwa nje ya tezi zilianza kuonekana ziwani katika miaka ya 1950, lakini kwa muda mrefu injini ilibaki mali ya wachache. Ni mbuta, aliyepandikizwa ziwani kati ya miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kuongezeka kwa kasi katika miaka ya 1980, aliyeifanya ilipe, kwa kuwa viwanda vya minofu vilihitaji samaki wakubwa walio wabichi, nao walipatikana mbali, kuelekea visiwa vya Mfangano, Remba na Migingo. Umbo la chombo lilibadilika pia. Sesse ya zamani ilikuwa na ncha mbele na nyuma, hivyo haikuwa na pa kushikilia injini. Mafundi wakaanza kuunda tezi bapa, ubao mnene uliosimama wima, na mashua za namna hizo mbili zingali zikionekana bandari moja.

Uvuvi wa maji marefu ulizipa nafasi nyavu za kutembea. Tofauti na nyavu za kutega, zinazofungwa kwa mawe zikakaa mahali pamoja, hizi huachwa huru, kamba ya juu ikibebwa na maboya na ya chini ikivutwa na chubwi, yaani vipande vya uzito, huku ncha moja ikifungwa kwenye mashua na wavu pamoja na chombo vikichukuliwa na mkondo. Hapo injini huzimwa na kuinuliwa, ili rafadha, panga linalozunguka majini, isikate kamba. Uzito wake, hata hivyo, hauzimwi: tezi huzama kidogo, omo, yaani sehemu ya mbele, huinuka na kukinga upepo zaidi, na chombo hutembea tofauti na kilivyotembea kikiwa na tanga lililokunjwa. Anayehama kutoka injini ya nguvu farasi 15 hadi ya 40 hulikuta tatizo hilo limeongezeka, naye hulirekebisha kwa kusogeza mzigo mbele na kufunga wavu kwenye omo, ili chombo kiyakabili mawimbi kwa ncha yake.

Maji yenyewe hayakukaa yalivyokuwa. Tuta la barabara lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kati ya Mbita na kisiwa cha Rusinga liliziba mlango mmojawapo wa mkondo kati ya ghuba na ziwa kuu, hadi daraja lilipolichukulia nafasi miongo mitatu baadaye. Gugumaji nalo, lililotapakaa ghubani katika miaka ya 1990, lilijisokota kwenye rafadha na kuwarudisha wengi kwenye kafi.

Gharama ni suala jingine, na pengine ndilo zito kuliko yote. Petroli, ambayo katika injini nyingi za mipigo miwili huchanganywa na oili, hukatwa kwenye mauzo kabla ya mwenye chombo na mabaharia kugawana, kwa hiyo usiku wenye samaki wachache hulipwa na wavuvi wenyewe.

Kutoka Muhuru Bay, mpaka wa Tanzania uko karibu, nao wa Uganda uko magharibi. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya ziwa. Nahodha wa tanga alivuka mipaka hiyo kwa nadra kwa sababu hakufika huko, ilhali wa injini hufika jioni, huzima, na wavu wake huweza kuvuka mpaka usiku pasipo yeye kugeuza usukani. Mgogoro wa Kenya na Uganda juu ya Migingo, uliopamba moto mwaka 2009, kwa kawaida huelezwa kama ugomvi juu ya jiwe dogo lenye mabanda ya mabati, ingawa samaki waliogombewa walikuwa katika maji yanayolizunguka.